Mwekundu wa Hanang

Mwaka waliooana, mwalimu wangu alimpa sisimizi jina la mkewe. Yeye alikuwa mtafiti kijana, Mkristo, mtoto wa wakulima wa nyanda za juu za Mbulu. Mke alikuwa binti wa Kiislamu kutoka familia ya wafanyabiashara wa Katesh. Kwao mume walinuna. Kwao mke hawakutaka hata kusikia. Wakafunga ndoa bomani, mashahidi wakiwa makarani waliokutwa pale ofisini, na baada ya hapo hawakwenda kwenye sherehe yoyote kwa sababu haikuwepo. Likizo yake ilikuwa inakaribia kwisha na kazi ya kukusanya sisimizi ilikuwa imebaki, kwa hiyo walipanda Mlima Hanang wote wawili wakiwa na chupa, spiriti na mkate. Kwenye korongo moja juu ya Katesh, mke ndiye aliyeinua jiwe. Chini yake walikuwepo sisimizi wakubwa wa rangi ya kutu, wenye nywele ndefu miguuni, tofauti na weusi wote aliokuwa amewazoea. Baadaye mume alipoandika makala ya kuwatambulisha kama spishi mpya, akawapa jina la mkewe.

Haya alinisimulia mwenyewe siku ya kwanza nilipokwenda nyumbani kwake. Mimi ni mzaliwa wa Tumati, na ninafundisha biolojia kwenye sekondari moja pale Mbulu. Nilikuwa nimeanza masomo ya uzamili nikitafuta mada, na kila mtu chuoni aliniambia kwamba mtu wa kumwona yupo kwetu kwetu, mzee mstaafu anayeishi nyuma ya soko na binti yake ambaye ni muuguzi. Nilimkuta amekaa sebuleni, blanketi limefunika magoti, ukungu umebana dirisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha akamwomba binti yake alete masanduku.

Yalikuwa masanduku ya mbao yenye vifuniko vya kioo. Ndani, sisimizi walikuwa wamepangwa safu kwa safu, kila mmoja amegundishwa kwenye ncha ya kijikaratasi na kuchomwa pini. Aliniambia kundi hili limewasumbua wataalamu tangu kabla bibi yangu hajazaliwa. Ndani ya kichuguu kimoja utakuta mwenye kichwa kikubwa kama punje ya mtama na mwenye kichwa chembamba, na wote ni watoto wa mama mmoja. Ukitoka mlima mmoja kwenda mwingine, rangi inabadilika, nywele zinaongezeka au kupungua, na hujui kama umeona spishi nyingine au ndugu yule yule amevaa nguo nyingine. Kwa upande wetu huu, alisema, jambo ni rahisi. Kuna mweusi wa Mbulu, ambaye alipewa jina zamani na mgeni aliyeletewa sisimizi kwenye chupa na hakuwahi kukanyaga hapa. Na kuna mwekundu wa Hanang.

"Mimi niliwatenganisha kwa macho," alisema. "Wewe una mashine za vinasaba. Nenda kathibitishe."

Neno alilotumia ni kuthibitisha, wala sikuona ubaya wake wakati ule.

Nilianzia nyumbani Tumati, kwenye ukuta wa mawe wa zizi la baba. Mama alinitazama nikiinua jiwe baada ya jiwe, akauliza kama serikali siku hizi inawalipa walimu kwa kuokota wadudu. Kisha akachukua kijiti akaanza kunisaidia. Nilikwenda kando ya msitu wa Nou, ambako magogo yameoza na kila ukigusa unatoka na maji mkononi. Nikashuka Hanang, nikakusanya pembeni mwa mashamba ya ngano, nikapanda miteremko ya mlima mpaka pale ambapo pumzi inakata. Kila likizo ya shule ilikwenda huko. Weusi niliwapata kila mahali. Wekundu niliwapata Hanang kama mzee alivyosema, lakini wachache nikawapata hata Tumati, kwenye mteremko mkavu usio na miti. Nilipomweleza, alisema pengine walibebwa na mizigo ya kuni. Niliona ni maelezo yanayotosha.

Gehandu, kwenye njia ya kuelekea Hanang, ndiko mambo yalikoharibika. Kulikuwa na shamba la mama mmoja mjane, na kwenye mpaka wa shamba hilo jiwe pana ambalo yeye hukalia akipumzika kupalilia. Aliniruhusu kuliinua, na akaja mwenyewe kushika upande wa pili. Chini yake kulikuwa na kichuguu kikubwa, na ndani ya vijia vile vile weusi na wekundu walikuwa wanapishana, wanagusana vipapasio, wanabeba vifukofuko vile vile vyeupe kuvikimbiza gizani. Sisimizi wa vichuguu viwili hawafanyi hivyo, hao huumana. Nilichimba taratibu mpaka nikampata malkia. Alikuwa mmoja, mweusi, na tumbo lililojaa. Yule mama akaniuliza kama nimepata nilichotafuta, maana uso wangu ulikuwa kama wa mtu aliyepewa habari za msiba. Nikamwambia nimepata, nikamshukuru, nikalirudisha jiwe lake.

Nilimpelekea mzee chupa zile. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akiondoa jicho moja na kuweka jingine, kisha akasema nimechanganya chupa. Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba amefunga vifungo vya shati vibaya. Nikarudi Gehandu. Jiwe lile lile, na baadaye mawe mengine njia ya kuelekea mlimani, yakaniambia jambo lile lile. Sikumpelekea tena. Nilikata mguu mmoja mmoja wa sisimizi kutoka kila mahali nilipopita, pamoja na miguu ya wale wa kwenye masanduku yake, ambayo alinikabidhi kwa mikono yake, nikatuma maabara kupitia chuo.

Majibu yalifika kwenye simu yangu nikiwa chumba cha walimu, nikisahihisha madaftari. Vinasaba vinapolinganishwa, kompyuta huchora mti wa ukoo: walio ndugu wa karibu hukaa kwenye tawi moja, na kila mahali matawi yanapokutana ni pale ambapo wahenga wao walikuwa kitu kimoja. Kama mzee angekuwa sahihi, wekundu wote wangekaa tawi moja na weusi wote jingine. Haikuwa hivyo. Wekundu wa Hanang walikaa na weusi wa Hanang. Wekundu wa Tumati walikaa na weusi wa Tumati. Rangi ya kutu na nywele za miguuni zilikuwa zimezuka zaidi ya mara moja, kwenye miteremko mikavu, mbali mbali, kutoka kwa wazazi weusi, na hazikusema lolote kuhusu nani ni ndugu wa nani. Spishi ilikuwa moja. Na kwa sheria zetu, spishi moja ikiwa na majina mawili, linabaki lile lililotangulia. Yaani la yule mgeni wa chupa.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye mti ule. Weusi wadogo wa msitu wa Nou, ambao mzee na mimi sote tuliwahesabu kuwa weusi wa kawaida kwa sababu hakuna kilichowatofautisha machoni, walikuwa wamekaa peke yao kwenye tawi refu lililojitenga zamani sana. Hao ndio walikuwa spishi nyingine. Hawakuwa na jina.

Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama nyumbani ni salama. Nikamwambia ni salama.

Nilimweleza kwanza binti yake. Yeye ni mkubwa kwangu, na kwa miaka ile miwili mitatu alikuwa amezoea kunipikia na kunipa sweta lake nikitoka kule nimelowa, nami nikamwita dada bila kujilazimisha. Nilimkuta anatoka zamu, tukasimama nje ya uzio wa hospitali. Nilidhani hataelewa habari za matawi, lakini alielewa kabla sijamaliza.

"Mama hakuzikwa huku," alisema. "Wajomba walikuja kumchukua, akazikwa Katesh. Baba alisimama barabarani kama mpita njia, hawakumruhusu hata kutupa mchanga. Hana kaburi la kwenda. Alichobaki nacho ni hilo jina. Subiri, mdogo wangu. Akishatangulia, andika unavyotaka."

Nikamuuliza nitamjibu nini akiniuliza, maana kila nikipita aliuliza. Akasema nimwambie mashine zimeharibika.

Niliondoka sijamkubalia wala kumkatalia. Majuma yaliyofuata nilikuwa nafundisha huku akili haipo. Nilijiambia kwamba sisimizi hawaendi popote, wamengoja muda wote huo, watangoja tena. Lakini mzee hakuwa sisimizi. Alikuwa amenikabidhi miguu ya vielelezo vyake akijua kinachoweza kutokea, maana kazi hiyo ameifanya maisha yake yote na amewafuta watu wengine majina yao. Nikimficha, nitakuwa nimemfanya mgonjwa anayedanganywa na wauguzi. Nikimwambia, nitamvunja dada yangu na yeye kwa siku moja. Mama yangu, nilipomgusia, aliuliza tu kama mzee bado ana akili zake. Nikasema anazo. Akasema, basi ni mali yake, mpe.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimeuchapa ule mti kwenye karatasi kubwa. Aliitandaza mapajani juu ya blanketi, akaanza kufuata matawi kwa kidole kuanzia chini, kama anavyosoma mtu ambaye hahitaji kuelezwa. Kidole kilifika kwa wekundu wa Hanang, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita njia ile ile tena.

"Haya maungio yana nguvu?" aliuliza.

"Yana nguvu, mwalimu."

Chai iliyokuwa mezani ikaweka utando. Nami, kwa sababu sikuweza kuvumilia ule ukimya, nikasema nililokuwa nimejiandalia njiani: kwamba yule wa Nou hana jina, na kwamba ningependa, kama ataniruhusu, nimpe jina la mkewe. Niliona kama nimeleta zawadi.

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona amekasirika.

"Sheria unaijua," alisema. "Jina likishatumika ndani ya jenasi, hata likifutwa, hapewi mwingine. Limekwisha." Akaikunja karatasi. "Na hata kama sheria ingeruhusu, huyo wa Nou mke wangu hakuwahi kumwona."

Sheria nilikuwa naijua. Nilikuwa nimejisahaulisha. Binti yake alikuwa amesimama mlango wa jikoni, sijui tangu lini. Nilipoaga hakuitikia.

Niliendelea kuandika makala, nikafuta, nikaandika tena. Sikuitwa wala sikwenda. Kisha asubuhi moja mzee akanipigia simu mwenyewe, akasema anataka kuliona lile korongo, na kwamba amepata gari la kukodi. Binti yake alimkatalia kwa sababu ya nyonga yake inayomsumbua na ubovu wa barabara, akamwambia wazi kwamba hataenda naye. Akaamua kwenda bila yeye. Nilipofika, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele amevaa koti la suti.

Tulipita Dongobesh, ambako magunia ya vitunguu yalikuwa yamepangwa mpaka ukingoni mwa barabara, tukateremka Basotu. Vumbi liliingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Njiani aliongea kidogo sana. Kuna mahali alionyesha mti na kusema hapo basi liliwaharibikia, yeye na mkewe, wakala ule mkate wote kabla hawajafika mlimani. Dereva akacheka. Mimi nilikuwa naogopa, kwa sababu nilikuwa nimepita kule juu mwaka uliofuata maporomoko ya matope, na yeye hakuwa amepita.

Kila mtu nchini anajua matope yaliyoshuka mlimani yalivyofanya. Lakini kusikia redioni ni tofauti na kusimama pale. Gari lilituacha mahali njia ilipokomea, nikamshika mkono tukatembea kidogo kidogo mpaka ukingo wa korongo. Halikuwa tena korongo. Lilikuwa uwanja wa mawe, mengine makubwa kuliko zizi, yametapakaa kwenye udongo uliokauka na kupasuka, na majani membamba mabichi yakianza kuota katikati. Mzee aliangalia juu, akaangalia chini. Alisema siyo hapa. Tukasogea, akasema ni hapa. Tukasogea tena. Mwishowe akasema kulikuwa na mkuyu, na kama mkuyu haupo basi yeye hajui.

Niliinua mawe yaliyoinulika. Kulikuwa na buibui, na jongoo mmoja. Sisimizi wa aina yoyote hawakuwepo. Yeye alikaa juu ya jiwe ameegemea fimbo, koti limejaa vumbi, akinitazama nikizunguka. Nilipomaliza mawe ya karibu nikaanza ya mbali, kwa sababu sikujua nitamwambia nini nikisimama. Yeye ndiye aliyeniita.

"Acha," alisema. "Nipeleke dukani kwa shemeji yangu."

Sikuwa najua kwamba shemeji huyo yuko hai. Alikuwa kaka mkubwa wa mke, na duka lake la vifaa vya ujenzi lilikuwa barabara ya kuelekea stendi. Ghala la zamani lilikuwa limeingiwa na matope, hivyo bidhaa zote, mabati, misumari, mifuko ya saruji, zilikuwa zimebanwa kwenye chumba kimoja, na yeye mwenyewe, mzee mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amekaa kati yake kama amezingirwa. Walikuwa wamelingana umri, au mwalimu alimzidi kidogo. Lakini mwalimu aliingia, akavua kofia yake, akasema, "Shikamoo, shemeji."

Yule mzee alimtazama kwanza. Nilifikiri hatajibu.

"Marahaba," alisema. Akaagiza viti, na chai ya tangawizi.

Walianza kwa mbali, na mimi nilinyamaza. Waliulizana mvua, mavuno, matope, nani ametangulia na nani yupo. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya maziko. Chai ilipofika nusu, mwalimu akamweleza kuhusu sisimizi: kwamba dada yake aliinua jiwe kule juu, na kwamba sisimizi waliokuwa chini yake walipewa jina lake. Shemeji aliacha kunywa. Hakuwa amewahi kusikia.

"Jina la dada yangu? Kwenye vitabu?"

"Vya dunia nzima," mwalimu alisema. "Lakini sasa linaondolewa."

"Nani analiondoa?"

Mwalimu hakujibu, wala hakuniangalia. Nilielewa kwamba hatanisemea, na kwamba hana ubaya katika hilo.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

Akaniuliza kwa nini. Nikajitahidi kumweleza kwa maneno ya kawaida, kwamba tulidhani yule mwekundu ni kabila lake peke yake, na imeonekana ni mtoto wa wale weusi waliokuwepo tayari, na hao walikuwa na jina tangu zamani. Alisikiliza kwa makini, kama mfanyabiashara anayesikiliza bei. Aliuliza kama kuna uwezekano nimekosea. Nikasema upo, lakini ni mdogo sana. Aliuliza kama jina likiondolewa kuna mahali litaandikwa kwamba liliwahi kuwepo. Nikamwambia litabaki limeandikwa chini ya lile jingine, kwa herufi ndogo, na yeyote atakayetafuta ataliona.

Shemeji akasimama, akachukua fimbo yake, akamwambia mwalimu waende akamwonyeshe alipolala dada yake. Wakaondoka kwa miguu, wazee wawili, hawakushikana na hawakusemezana. Mimi nilibaki dukani na mke wa shemeji, ambaye alinikaribisha chapati na kuniuliza kama nimeolewa.

Walikawia. Waliporudi, waliagana kwa kupeana mikono tu. Ndani ya gari, tukiwa tumeshaiacha Katesh nyuma na Ziwa Balangida linang'aa chumvi upande wa chini, ndipo mwalimu aliposema.

"Wameweka kibao. Jina lake na la baba yake."

Alifungua kioo, vumbi likaingia, akakifunga.

"Mimi sipo," alisema.

Nilipomaliza makala nilimpelekea aisome kabla ya kuituma, maana ilikuwa haki yake. Alinirudishia kwa mkono wa jirani, na wino mwekundu umepita sehemu chache. Mahali fulani nilikuwa nimeandika kwamba mtafiti wa awali alifanya uamuzi huo kutokana na uchache wa vielelezo na vifaa vya wakati ule. Alikuwa ameikata sentensi yote, na pembeni ameandika: Vielelezo vilinitosha. Nilikosea. Sikujua kama hayo ni majivuno au unyenyekevu, na mpaka leo sijui. Niliikata kama alivyotaka. Makala ikatoka, na jina la mkewe likashuka mahali pake, herufi ndogo, chini ya la yule mgeni. Watu wa chuoni walinipongeza. Nilikwenda kumwonyesha, mlango ukafungwa kwa komeo kutoka ndani, nikarudi.

Yule wa Nou bado hana jina. Nimempima, nimemchora, maelezo yake yamekamilika, imebaki ile nafasi tupu juu ya ukurasa. Nimejaribu jina la msitu, nimejaribu la ukungu. Kila nikiandika mkono unakuwa mzito, kwa sababu nafahamu sasa kwamba siku moja atakuja mtu mwenye mashine bora kuliko yangu, naye atakuwa na haki kama niliyokuwa nayo mimi.

Wiki iliyopita nilimkuta dada sokoni Mbulu, anachagua viazi. Nilimwamkia, na safari hii aliitikia. Nikamuuliza hali ya mzee. Akasema mzee yuko Katesh tangu mavuno, amekwenda kwa mjomba, wanakaa dukani kutwa nzima, na alipompigia simu kumuuliza atarudi lini alisema mvua zikianza. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Aliyasema haya bila hasira, akiviangalia viazi.

"Nimebaki peke yangu kwenye ile nyumba," alisema.

Alilipa, akainua kikapu, nikanyoosha mkono kumsaidia kukibeba. Alikihamishia mkono wa pili, akafunga kanga vizuri kichwani kwa ajili ya manyunyu, akashuka kuelekea barabarani zinakosimama bodaboda.